Bolti ya kalipa imelika kichwa. Na kwa nini nati za gari za Mombasa zinagoma hivi?

#1 Probox_Bamburi
Asalaam aleikum wadau. Nabadilisha diski za breki za mbele za Toyota Probox hapa nyumbani. Kulia nimemaliza salama. Kushoto, breketi ya kalipa (kalipa ni kile kibano cha breki kinachobana diski) imeshikwa kwa nyuma na bolti mbili za 17. Ya juu imetoka, ya chini imegoma kabisa na kichwa chake kimelika. Pembe zote zimekuwa mviringo, tena zina alama za meno ya spana ya bomba, kazi ya fundi aliyeishika gari kabla haijafika kwangu.

Sina kompresa wala gesi. Nina soketi, nyundo, tindo, grinda ndogo na vaisigripu (koleo la kujifunga). Maswali mawili. La kwanza, naitoaje bila kuumiza kile chuma kikubwa kinachobeba beringi ya gurudumu? La pili, kwa nini huku kwetu nati zinashika namna hii? Shemeji yangu yuko Nakuru, ana Probox ya mwaka uleule, na bolti hizihizi alizifungua bila jasho.

#2 Chuma_Chakavu
Puliza WD-40, nenda kalale, rudi kesho. Mjadala umefungwa.

#3 Binti_Tudor
Haujafungwa. #2, soma kopo vizuri. WD-40 ile ya kawaida ilitengenezwa 1953 kule San Diego, Marekani, kwa kazi ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Jina lenyewe ndilo hilo, kufukuza maji, fomula ya 40. Inasaidia kidogo kwenye bolti iliyoganda, lakini si mafuta ya kupenya kutu. Kampuni hiyohiyo inauza kopo jingine la kazi hiyo. Ulizia dukani mafuta ya kulegeza kutu.

Ndugu Probox, kwanza acha kuzungusha na kile ulichokuwa unazungushia. Kila inapoteleza unapoteza chuma ambacho ungekihitaji baadaye. Halafu tazama soketi yako ndani ina pembe ngapi. Nyingi zinazouzwa kwenye seti ni za pembe 12, na hizo zinagusa bolti kwenye ncha za pembe tu. Ya pembe 6 inashika kwenye ubapa. Kama 17 ya pembe 6 haishiki tena, tafuta soketi kuukuu ya 16, safisha kichwa kwa brashi ya waya, kisha igonge kwa nyundo mpaka iingie yote. Soketi hiyo uihesabu imekufa, hutaitumia tena kwa kazi ya maana.

Jambo jingine. Kwenye Toyota nyingi bolti hiyo inapita kwenye tundu la chuma cha beringi bila kushika, thredi zinashika kwenye breketi yenyewe. Ukichungulia upande wa pili utaona ncha yake. Pulizia dawa huko, maana ukipulizia kichwani inabaki kichwani.

#4 Probox_Bamburi
Kweli dada, ncha inaonekana, imetokeza kidogo na imejaa kutu. Nimepulizia. Asante.

#5 Welda_Magongo
Mnazunguka mbuyu. Kichwa kimelika? Chomelea nati juu yake. Chukua nati kubwa kidogo, iweke juu ya kichwa, jaza weldi katikati ya tundu mpaka ishikane. Hapo umepata kichwa kipya, na bolti yote imepata moto hadi ndani. Subiri wekundu uondoke, ikiwa bado ya moto tia spana, nenda rudi, nenda rudi. Bolti za manifoldi, ile inayokusanya moshi wa injini, zilizokatikia usawa wa chuma natoa hivyohivyo kila wiki, sembuse hii yenye kichwa.

Ila tafadhali: toa waya za betri kwanza, na kibano cha athi (cha waya wa kurudishia umeme wa weldi) ukiweke karibu kabisa na bolti yenyewe. Ukikiweka mbali, umeme unapita kwenye beringi na beringi inaanza kulia baada ya muda. Na ile waya ya sensa ya ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) ipo jirani hapo, itoe au ifunike.

#6 Babu_Chumba_cha_Injini
Sabalkheri wanangu. Nimefanya kazi kwenye vyumba vya injini za meli mpaka nikastaafu hapa Kilindini, na bolti zilizokaa ndani ya maji ya chumvi nimezifungua. Welda anasema kweli lakini maelezo yake yana kasoro. Moto haupelekwi kwenye bolti. Moto unapelekwa kwenye kile kilichoishika bolti. Chuma cha nje kikipanuka, tundu nalo linapanuka, bolti inapumua. Mke wako akishindwa kufungua chupa ya achari, anamwagia maji moto kifuniko, hamwagii achari. Kwa hiyo hapo pasha breketi kuzunguka ile ncha, usipashe kichwa.

Na kabla ya moto, nyundo. Shika nyundo ya ratili mbili, gonga kichwa moja kwa moja, mapigo mazito yasiyo na hasira. Kutu ni kitu kigumu chenye kuvunjika, kinapasuka kwa mtikisiko. Vijana wa leo wanakimbilia paipu refu. Paipu refu linakata bolti.

#7 Welda_Magongo
Shikamoo babu. Kwa heshima zote, mimi napasha bolti na zinatoka. Bolti ikipata moto inataka kunenepa, tundu halimpi nafasi, inasaga kutu iliyo kwenye thredi. Ikipoa inarudi nyembamba na ile kutu imeshakuwa unga. Ndiyo maana nikasema isubiriwe wekundu uondoke.

#8 Mwalimu_Jomvu
Nyote wawili mnaweza kuwa sahihi, hesabu ndiyo hii. Chuma kinapanuka kama sehemu 12 kwa milioni kwa kila digrii moja. Bolti yenye kipenyo cha milimita 12 ikizidi joto la chuma kinachoizunguka kwa digrii 300, inanenepa kwa takriban milimita 0.04. Inaonekana ndogo, lakini nafasi iliyopo kwenye thredi ni ya kiwango hichohicho. Muhimu ni tofauti ya joto baina ya vitu viwili. Ukipasha vyote sawasawa na vyote ni chuma, hupati kitu cha maana.

Kwenye aluminiamu mambo yanabadilika. Yenyewe inapanuka karibu maradufu ya chuma, sehemu 23 kwa milioni. Hapo hata ukipasha vyote pamoja, aluminiamu inaiachia bolti. Kwa hiyo kwa plagi na bolti za kichwa cha injini, babu anashinda.

#9 Mtanga_Halisi
Mwalimu, hesabu tamu, lakini mkuu wa #1 hana gesi. Umemhesabia moto wa nani?

#10 Mwalimu_Jomvu
Kopo la gesi la kuchomelea mabomba linatosha kwa breketi. Halifiki wekundu haraka, lakini tofauti ya joto unaipata.

#11 Juu_ya_Mlima
Niko Nairobi. Tatizo lenu Mombasa ni kwamba hamfanyi sevisi, mnangoja mpaka kalipa ilie. Mwagia Coca-Cola hiyo bolti, ina asidi, inakula kutu yote.

#12 Binti_Tudor
Ina asidi ya fosforasi, kweli, lakini kidogo mno. Kipande kilichotoka ukikiloweka ndani usiku kucha kutu ya juu inalainika. Kwenye thredi zilizobanana haiingii, ni maji yenye sukari, na sukari ikikauka inaganda. Ndimu au siki zinafanya kazi hiyohiyo ya kuloweka na hazinati.

#13 Chuma_Chakavu
Tena soda ya baridi, mtu anamwagia gari jua la saa saba, ilhali yeye mwenyewe anaihitaji zaidi. Mjomba wangu Kisauni yeye alikuwa anatia mafuta ya nazi. Wallahi bolti zilikuwa zinanukia.

#14 Babu_Chumba_cha_Injini
Mafuta ya nazi ni mazito kwa kazi hii. Tulichokuwa tukikitumia zamani ni mafuta taa yaliyochanganywa na oili nyepesi kidogo. Mafuta taa yanatambaa mpaka ndani, oili inabaki pale kulainisha. Na kwa bolti iliyokwisha kupashwa moto, mshumaa. Bolti ikiwa moto wa kuyeyusha nta, si zaidi, gusisha mshumaa kwenye mshono. Nta inanyonywa ndani kwa macho yako, utaiona inazama. Ngoja ipoe kidogo, zungusha.

#15 Mama_Vitz_Nyali
Jamani wanaoandika habari za moto waandike na hatari zake, humu kuna vijana wanasoma na kwenda kujaribu leoleo.

Kalipa itolewe kwanza na itundikwe kwa waya, isining'inie kwa paipu yake ya breki. Raba za kalipa, raba ya CV (kiungo cha ekseli) na ya boljointi haziwezi moto. Mtungi wa mafuta taa usikae jirani. Na hili wengi hawalijui: kuna dawa za kupuliza za kusafishia breki zenye klorini. Ukipuliza hizo halafu ukachomelea au ukapasha moto kabla hazijakauka kabisa, zinatoa gesi ya fosjini, gesi ya sumu iliyoua watu kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Soma kopo. Kama limeandikwa klorini, lisikaribie weldi.

Na gari ikae kwenye stendi. Jeki peke yake haibebi gari wakati mtu anavuta spana ndefu kwa nguvu zake zote huku amelala chini yake.

#16 Probox_Bamburi
Stendi zipo, mama, na jiwe nyuma ya tairi. Shukran kwa hilo la dawa ya breki, yangu nimeikagua, haina klorini.

#17 Dereva_Fuso
Hakikisheni mnazungusha upande wa kufungua. Nasema kweli. Malori mengi ya zamani ya Kijapani, nati za tairi za kushoto zinafunguka kwa kuzungusha kulia, na utingo mgeni anaweza kuning'inia kwenye paipu mpaka akate stadi, ile bolti inayoshika nati ya tairi. Bolti ya #1 ni ya kawaida, lakini mtu akiwa chali anaitazama kwa nyuma akili inageuka. Wengine wanaikaza wakidhani wanaifungua.

#18 Spana14
Kukaza kidogo kwanza nako ni dawa. Ikitikisika upande wa kukaza, hata unywele mmoja, kutu imeshavunjika, sasa irudishe.

#19 Mtanga_Halisi
Hiyo #18 ni kwa bolti yenye kichwa kizima. Kwa hii iliyolika unammalizia.

#20 Kusi_na_Kaskazi
Mbona hakuna anayejibu swali la pili? Ni bahari. Mimi naishi Nyali karibu na ufuo, na kusi likivuma, asubuhi vioo vya gari vina ukungu wa chumvi, ukipitisha kidole unauonja. Chumvi hiyo inavuta unyevu hewani, kwa hiyo chuma hakikauki hata kama mvua haijanyesha. Kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichokuwa pale, na ndani ya thredi hakuna pa kwenda, inabana. Nakuru hakuna chumvi. Jibu ni hilo tu.

#21 Feri_Kila_Siku
Ongeza na feri. Bamvua likijaa, ukishuka Likoni tairi zinakanyaga maji ya bahari, yanarukia moja kwa moja kwenye breki. Gari yangu ya zamani ilikuwa na kutu mbele kuliko nyuma, na mimi nasema ni feri.

#22 Mama_Vitz_Nyali
Na tunaokaa kisiwani na Nyali tusiopanda feri, kutu zetu zimetoka wapi?

#23 Muagizaji
Nyote mnailaumu bahari ya kwetu ilhali gari zinafika na kutu yake. Mimi naagiza gari, nazitazama chini zikitoka bandarini. Japani kule kaskazini, Hokkaido na mikoa ya theluji, wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani, ya kawaida na ile ya kalisi, ili barafu iyeyuke. Gari iliyotumika huko miaka kadhaa inashuka Kilindini bodi inang'aa na chini bolti zimevimba. Gari iliyotumika Okinawa nayo ina shida, maana ni kisiwa. Iliyotoka katikati inakuwa safi. Kwa hiyo shemeji wa Nakuru na #1 wanaweza kuwa na gari za mwaka mmoja na historia mbili tofauti.

#24 Kusi_na_Kaskazi
Basi gari zilizouzwa mpya hapahapa Kenya na zikaishi Mombasa, mbona nazo zinashika?

#25 Muagizaji
Zinashika, lakini si kwa kiwango hicho. Nenda ukafungue.

#26 Bomba_la_Mtwapa
Mimi nina lawama tofauti. Kosheni. Sehemu nyingi za kuosha gari huku zinatumia maji ya kisima, na visima vingi vya pwani maji yake ni ya chumvichumvi. Mtu anaosha gari kila Jumamosi kwa mashine yenye presha, anasema "osha mpaka chini", maana yake anapiga maji ya chumvi kwenye kila bolti kwa nguvu ambayo upepo wa kusi hauna. Halafu analipa kwa hilo. Onja maji yao siku moja kabla hujawaambia wapige chini.

#27 Feri_Kila_Siku
Hii sikuwahi kuifikiria. Ila bado nasema feri.

#28 Spana14
Na mafundi je? Asilimia kubwa ya bolti nilizokuta zimelika, hazikulika kwa kutu. Zilikazwa kwa bunduki ya upepo na kijana aliyeshika kitufe mpaka sauti ikabadilika, halafu zikafunguliwa na mwingine mwenye spana ya pembe 12 iliyopanuka mdomo. Tazama #1, bolti ya juu, ndugu yake wa hewa hiyohiyo na chumvi hiyohiyo, imetoka. Ya chini yenye alama za spana ya bomba ndiyo imegoma. Bahari imechagua moja?

#29 Babu_Chumba_cha_Injini
Hoja ya Spana14 ina uzito. Lakini ya chini ndiyo inayokaa na maji baada ya kuoshwa na baada ya mvua. Yote mawili yanawezekana.

#30 Probox_Bamburi
Mrejesho. Soketi ya 16 iligongwa ikaingia vizuri, nikavuta kwa paipu fupi. Ilishika, ikanyonga kidogo, halafu kichwa kikaendelea kulika, kilikuwa kimekwisha sana. Nikabadili njia. Nilikata kichwa chote kwa grinda, polepole, nikiacha uwazi ili diski ya grinda isiguse chuma cha beringi. Kichwa kilipodondoka, breketi ikavutika ikatoka nzima na kipande cha bolti ndani yake, maana kama dada wa Tudor alivyosema #3, thredi zote ziko kwenye breketi. Nikaibana breketi kwenye jiriwa la jirani, nikashika kipande kwa vaisigripu.

Kilichonishangaza: kilitoka kwa mkono. Bila moto. Bolti iliyokataa paipu, ikazunguka kwa vaisigripu. Nani anaweza kunieleza?

#31 Welda_Magongo
Grinda ndiyo moto wako. Ulipokuwa unakata, kichwa na shingo ya bolti vilipata joto kubwa, kikapoa. Ni kilekile nilichosema #7.

#32 Mwalimu_Jomvu
Sidhani. Joto la grinda linabaki karibu na mkato, na thredi zilikuwa upande wa pili wa tundu. Kilichotokea ni kwamba umeondoa mvuto. Bolti iliyokazwa inavutika kama chuma kilichonyoshwa, kichwa kinasukuma upande huu, thredi zinavuta upande ule. Sehemu kubwa ya nguvu unayotumia kufungua inashindana na msuguano wa chini ya kichwa na wa kwenye thredi zilizobanwa. Kichwa kikiondoka, mvuto unakwisha papo hapo. Ndiyo maana stadi iliyokatika mara nyingi inatoka kirahisi kuliko bolti nzima.

#33 Babu_Chumba_cha_Injini
Mwalimu, stadi zilizokatika na kugoma hata zilipokuwa hazina mvuto nimeziona nyingi. Kwa huyu kijana mimi naona ni mtikisiko wa grinda, na dawa aliyopulizia kwenye ncha ikapata siku nzima ya kutambaa. Mnasahau kuwa alipuliza mapema.

#34 Binti_Tudor
Pongezi. Muhimu hukutumia iziauti, kile chombo cha kung'olea bolti iliyokatika. Ndugu yangu mmoja alitoboa bolti ya manifoldi, akatia iziauti, ikakatikia ndani. Chuma cha iziauti kimekomazwa, keekee ya kawaida inateleza juu yake. Bolti ya kutoboa ikageuka kuwa kazi ya karakana ya mashine. Kama lazima kutoboa, kuna keekee zinazokata kwa kuzunguka kushoto. Mara nyingi ikianza kuuma tu bolti inatoka nayo.

#35 Juu_ya_Mlima
Kwa hiyo Coca-Cola imekosa mshahara.

#36 Chuma_Chakavu
Imepata. Aliyeshika grinda aliinywa.

#37 Probox_Bamburi
Nilikunywa madafu, #36. Sasa nipeni mwongozo wa kurudishia. Bolti mpya nimeambiwa nichukue yoyote ya 17.

#38 Spana14
Usichukue "yoyote". 17 ni kipimo cha kichwa tu. Tazama kipenyo, umbali wa thredi na namba ya ugumu. Bolti ya breki si ya kufungia karai. Nenda na ile ya juu mkononi kama sampuli. Zile zenye 8.8 zina uwezo wa kama megapaskali 800 kabla ya kukatika, 10.9 kama 1,000. Za Kijapani zina alama zao nyingine kichwani, kwa hiyo njia salama ni kuagiza ya Toyota kwa namba ya spea.

#39 Mama_Vitz_Nyali
Safisha thredi za breketi kwa brashi, na kama una tepu ya kukatia thredi ipitishe kwa mkono. Bolti mpya iingie kwa vidole mpaka mwisho kabla hujaleta spana. Kisha kaza kwa spana ya kipimo kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari yako.

#40 Feri_Kila_Siku
Na grisi ya shaba apake?

#41 Mama_Vitz_Nyali
Kidogo sana, na ajue inapunguza msuguano. Spana ya kipimo inapima msuguano pamoja na mvuto, kwa hiyo ukipaka grisi na ukakaza kwa namba ileile, bolti inavutika zaidi ya ilivyokusudiwa. Kwenye nati za tairi mimi sipaki kabisa. Toyota ndogo nyingi nati za tairi ni nyutoni-mita 103, stadi zikiwa kavu na safi. Grisi ibaki kati ya hub (kitovu cha gurudumu) na rimu, ambako ndiko rimu zinakoganda.

#42 Dereva_Fuso
Sisi kwenye lori tunapaka na hazijawahi kukatika.

#43 Mama_Vitz_Nyali
Tairi za lori zimewahi kukupita barabara ya Mariakani zikikimbia peke yake?

#44 Dereva_Fuso
Hizo si zangu. Lakini nimeziona.

#45 Mtanga_Halisi
Nitie langu la bisibisi. Zile skrubu ndogo mbili zinazoshika diski au kifuniko cha tangi la oili ya breki kwenye gari na pikipiki za Kijapani, msalaba wake si sawa na wa bisibisi tulizonazo. Ni kipimo cha JIS, yaani viwango vya Kijapani. Bisibisi ya kawaida inakaa juujuu, ukizungusha inapanda na kutafuna kichwa. Mnasema skrubu laini, kumbe chombo si chake. Ya JIS inazama mpaka chini. Kwenye diski tumia ile bisibisi ya kugonga kwa nyundo, inayojizungusha inapopigwa.

#46 Welda_Magongo
Hapo nakupa mkono. Nimetoboa skrubu hizo nyingi mno kwa ajili ya watu waliotumia bisibisi ya kufungulia redio.

#47 Bomba_la_Mtwapa
Kuna aliyepima maji ya kosheni lakini? Nilidhani tulikuwa tunatafuta chanzo.

#48 Kusi_na_Kaskazi
Chanzo nimekitoa #20.

#49 Muagizaji
Na mimi #23.

#50 Spana14
Na alama za spana ya bomba bado ziko kwenye kile kichwa kilichokatwa. Probox, usikitupe.

#51 Fundi_Mwanafunzi
Samahanini kuingia mwisho. Mimi nimenunua bolti za chuma cha pua za saizi mbalimbali, nataka nibadilishe zote za chini ya gari ili kutu iishe kabisa. Kuna ubaya?

#52 Mwalimu_Jomvu
Upo. Chuma cha pua cha kawaida cha bolti, kilichoandikwa A2-70, kinafika kama megapaskali 700 tu, chini ya 8.8. Kwenye breki, usukani na sasepensheni usiweke. Na penye aluminiamu, chumvi na unyevu vikikutana, chuma cha pua kinaifanya aluminiamu iliwe haraka zaidi, unapata ule unga mweupe unaobana kuliko kutu.

#53 Babu_Chumba_cha_Injini
Na chuma cha pua kwa chuma cha pua kinakwaruzana na kushikana kikavu, mwanangu, hata kipya. Unakaza kwa kasi, nati inaganda katikati ya njia, haiendi wala hairudi. Tulikuwa tukikata kwa tindo. Ukikitumia popote, paka grisi na kaza polepole kwa mkono.

#54 Fundi_Mwanafunzi
Nimeelewa, za chini sitii. Za kufungia namba ya gari na vifuniko vya plastiki vya matao ya tairi je?

#55 Babu_Chumba_cha_Injini
Hapo weka. Na grisi kidogo.